511: namba ya barabara za Marekani, na namna ya kuisoma

Dereva wa lori anayetoka Des Moines, Iowa, kwenda Salt Lake City, Utah, ana zaidi ya maili elfu moja mbele yake, karibu zote juu ya barabara kuu ya I-80, na majimbo manne ya kukanyaga: Iowa, Nebraska, Wyoming na Utah. Ramani ya simu itamwambia safari ni saa ngapi na itampakia rangi nyekundu penye foleni. Usiku wa Januari, hata hivyo, maswali yake makubwa ni mengine. Geti la kufungia barabara pale Laramie, Wyoming, liko wazi? Upepo wa Arlington unaruhusu trela tupu? Magari ya kusukuma theluji yameshapita? Njia ikifungwa mbele, Rawlins kuna nafasi ya kuegesha?

Maswali hayo ana wa kuyajibu, naye ni mwenye barabara: idara ya uchukuzi ya jimbo. Anajibu bure, mchana na usiku, kwa simu ya tarakimu tatu, kwa tovuti na kwa programu ya simu. Namba yenyewe ni 511.

Naandika haya kwa sababu kazi ya usukani imeingia katika nyumba nyingi za Waswahili huku Marekani, iwe ni Wakongo wa Iowa na Kentucky au Wakenya wa Minnesota na Texas, na bado nakutana na madereva wazoefu wanaoijua 911 peke yake. Wengine wameiona 511 kwenye vibao vya buluu kando ya njia wakadhani ni namba ya polisi, au ya kampuni ya kuvuta magari mabovu. Si hivyo. Ajali, moto, mgonjwa, hiyo ni kazi ya 911. Namba ya 511 unaipiga unapotaka kujua barabara ikoje.

Namba moja, wenye namba wengi

Mpaka 1999 Marekani ilikuwa na zaidi ya namba 300 za simu za kuulizia hali ya safari. Jimbo lina yake, mji una yake, mamlaka ya daraja nayo ina yake, na mpita njia hakuwa na namna ya kuzijua. Mwaka huo Wizara ya Uchukuzi iliiomba FCC, tume inayosimamia mawasiliano, itenge namba moja fupi kwa nchi nzima. Julai 2000 tume ikakubali. Katika uamuzi huohuo ikatenga pia 211 kwa huduma za jamii. Eneo la Cincinnati na kaskazini mwa Kentucky likawa la kwanza kuiwasha 511, Juni 2001. Nebraska ikafuata mwaka huohuo, na Utah ikaiwasha Desemba, wiki chache kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City.

Ndani ya uamuzi ule kuna jambo linaloeleza karibu kila kero ya 511 hadi leo. Tume ilitoa namba. Haikutoa fedha, wala haikuweka siku ya mwisho ya kuianzisha. Kila jimbo liliachiwa liamue lenyewe. Kwa hiyo 511 ya Marekani nzima haipo. Zipo 511 za majimbo, kila moja na tovuti yake, rangi zake, sauti yake ya mashine na bidii yake. Nyingine ni nzuri ajabu. Nyingine zinasikitisha.

Ukipiga 511, mtandao wa simu unaangalia mnara uliokupokea na kukupeleka kwenye huduma ya eneo la mnara huo. Ukiwa Omaha, ukingoni mwa Mto Missouri, usishangae mashine ikikusomea barabara za Iowa, ng'ambo ya mto. Na ukiwa umekaa Louisville unataka hali ya Pennsylvania, 511 haitakufikisha huko moja kwa moja. Baadhi ya majimbo yana chaguo la kukuhamishia kwa jirani, lakini njia ya hakika ni kupiga namba ndefu ya bure ya jimbo unalokwenda, au kufungua tovuti yake. Ninavyoona mimi, mtu anayepanga safari ya majimbo mengi aanzie kwenye tovuti, simu aiache iwe msaada wa mahali alipo.

Kuhusu hiyo bure: huduma haina malipo, ila kampuni yako ya simu inaweza kuhesabu dakika kama simu yoyote. Na mwenye lori asione haya kuitumia, kwa sababu amekwisha kuilipia. Kila galoni ya dizeli anayotia ina kodi ya shirikisho ya senti 24.4, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1993, na fedha za barabara za shirikisho zinaruhusiwa kutumika kuendesha huduma za namna hii.

Habari zinavyokusanywa

Watu wengi hudhani nyuma ya 511 kuna kompyuta tu. Kompyuta zipo, ila kiini chake ni chumba chenye watu: kituo cha kuongozea barabara, ambacho katika majimbo mengi hufanya kazi saa 24. Mbele ya wahudumu kuna ukuta wa skrini za kamera. Mezani kuna redio ya polisi wa jimbo, redio ya madereva wa magari ya theluji, na simu.

Chini ya lami kumezikwa nyaya zilizozungushwa mduara. Gari likipita juu yake, chuma chake kinabadilisha nguvu ya sumaku na kifaa kinahesabu. Sehemu nyingine kuna rada juu ya nguzo. Kando ya barabara kuna vituo vya hali ya hewa vyenye vipimo vilivyopachikwa kwenye lami yenyewe, vinavyosema lami ina joto kiasi gani, imelowa au imeganda. Vipimo hivyo mara nyingi vinawekwa kwenye madaraja kwa sababu daraja hupigwa na hewa juu na chini na huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya ardhi. Tena majimbo mengi hununua takwimu za mwendo wa magari kutoka kampuni binafsi, zinazozipata kwenye simu na vifaa vilivyomo ndani ya magari.

Hayo yote yanamfikia mhudumu. Akipata taarifa ya ajali, anatafuta kamera iliyo karibu na kuigeuza, au anamuuliza askari aliye pale. Akithibitisha ndipo anaiandika: barabara gani, maili gani, uelekeo gani, mistari mingapi ya magari imezibwa. Kutoka kwenye kibodi yake taarifa ileile inakwenda kwenye tovuti, kwenye programu, kwenye sauti ya simu na kwenye vibao vya umeme vinavyoning'inia juu ya barabara.

Hapa pana kanuni ya serikali kuu ambayo kila mtumiaji angefaa kuijua. Iliandikwa 2010, na kwa bahati imekaa katika sehemu ya 511 ya juzuu ya kanuni za barabara. Inayataka majimbo yatangaze ajali inayoziba njia, ujenzi unaofunga mistari, na hali ya hewa inayohatarisha safari, kwenye barabara kuu zote za shirikisho, zile zinazoanza na herufi I. Nje ya miji mikubwa taarifa ya ajali iwe imetoka ndani ya dakika 20. Katika maeneo ya miji yenye watu zaidi ya milioni moja, ndani ya dakika 10. Habari ziwe sahihi kwa asilimia 85 na huduma ipatikane kwa asilimia 90 ya muda. Barabara kuu zilipewa hadi Novemba 2014, na njia nyingine muhimu za miji mikubwa hadi Novemba 2016.

Soma kanuni hiyo polepole, maana mambo mawili yamejificha ndani yake. Dakika 20 za ajali hazianzi magari yalipogongana. Zinaanza ajali ilipothibitishwa. Saa nane usiku katikati ya Nebraska, kati ya kugongana na kuthibitishwa panaweza kupita muda wa kutosha wewe kufika pale na kuikuta. Na kanuni inazibana barabara kuu za shirikisho pamoja na njia teule za mijini. Ukichepuka kuingia barabara ya kaunti, hakuna aliyekuahidi kitu. Ukimya wa 511 juu ya barabara hiyo haumaanishi kwamba iko wazi.

Ramani ya simu inajua nini, 511 inajua nini

Mabishano ya madereva kwamba ramani ya Google au Waze imeipiku 511 yanatokana na kudhani vitu hivi viwili vinajibu swali moja. Ramani ya simu inaangalia simu zinatembea kwa kasi gani. Zikikwama, inapaka nyekundu. Zikitafuta pa kuzunguka, inajifunza. Kwa foleni ya jioni ya Atlanta au Houston hakuna kinachoipita. Mimi mwenyewe mjini siifungui 511.

Lakini mwendo wa simu hauelezi kwa nini njia ni tupu. Barabara iliyofungwa na barabara iliyolala usiku zote mbili hazina magari. Wala mwendo wa simu haujui kwamba njia ya mchepuko ni udongo uliolowa. Juni 2019 ajali ilitokea kwenye Peña Boulevard, barabara iendayo uwanja wa ndege wa Denver, na Google Maps ikawapa wasafiri njia ya kuzunguka. Karibu magari mia moja yalifuatana hadi kwenye barabara ya udongo iliyokuwa imenyeshewa, yale ya mbele yakanasa kwenye matope, na ya nyuma hayakuwa na pa kupitia. Magari yalivyoendelea kuifuata, ndivyo njia ilivyozidi kuonekana kuwa njia.

Mwenye barabara anajua yale yasiyoonekana kwa mwendo: amefunga nini, kwa nani, kwa sababu gani, anategemea kufungua lini, na ni kazi gani ya ujenzi itaanza saa tatu usiku wa leo. Hayo ni maamuzi yake, na maamuzi hayapimwi kwa setilaiti.

Kwa miaka kadhaa sasa pande hizi mbili zimekuwa zikipeana habari. Mwaka 2014 Waze, ambayo tayari ilikuwa mali ya Google, ilianzisha mpango wa kubadilishana taarifa bure na miji na majimbo. Jimbo likifunga njia, kufungwa huko kunaweza kutokea kwenye Waze. Dereva akibonyeza kwamba kuna gari limekufa begani mwa njia, taarifa inaweza kumfikia mhudumu wa kituo. Ila habari ikishavuka kwenda upande wa pili hupoteza vipande. "Imefungwa kwa magari mepesi yenye kimo kirefu" ni rahisi sana kugeuka kuwa "imefungwa", au kupotea kabisa.

Mwenye barabara naye hukosea, na akikosea watu huumia. Asubuhi ya 3 Januari 2022 dhoruba ya theluji ilishuka juu ya I-95 huko Virginia. Ilianza kama mvua, ambayo ingeosha maji ya chumvi ya kuzuia barafu kama yangemwagwa mapema barabarani. Malori yakateleza, mistari ikazibwa, na mamia ya watu wakalala ndani ya magari yao kwenye kipande cha karibu maili 50 katika eneo la Fredericksburg. Seneta Tim Kaine alikuwa miongoni mwao. Safari yake ya kwenda Washington ilichukua saa 27. Waliokwama walilalamika zaidi juu ya kukaa gizani bila neno: hakuna aliyewaambia mapema wasiingie, na walipokwisha kuingia hawakujua watatoka lini. Kwa hiyo katika dhoruba kubwa 511 peke yake haitoshi. Fungua na utabiri wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, ambao nao ni bure, utazame mahali utakapokuwa saa sita zijazo na si pale ulipo sasa.

Wyoming, mahali pa kujifunzia

Ukitaka kuielewa 511, isome ya Wyoming wakati wa baridi.

Kipande cha I-80 kutoka Laramie hadi Walcott Junction, maili 77, kilifunguliwa Oktoba 1970. Barabara ya zamani, US 30, inazunguka kaskazini kupitia Medicine Bow. Wapangaji wakaona afadhali kukata moja kwa moja karibu na Mlima Elk. Wenyeji waliwaonya juu ya upepo na theluji ya pale. Siku chache baada ya kufunguliwa dhoruba ikaifunga, na imekuwa ikifungwa kila msimu wa baridi tangu hapo, licha ya uzio mrefu wa mbao uliojengwa kuzuia theluji isivuke barabara. Mashariki yake, kati ya Laramie na Cheyenne, I-80 inapanda hadi futi 8,640, zaidi ya mita 2,630, ambacho ndicho kilele chake chote kutoka California hadi New Jersey.

Kwenye ukurasa wa jimbo hilo barabara imekatwa vipande vya mji hadi mji. Kila kipande kinaeleza lami ikoje, upepo ukoje, na katazo gani lipo. Makatazo ndiyo yanayowachanganya wageni, kwa sababu kufungwa kuko kwa aina zaidi ya moja.

Aina ya kwanza haina utata: imefungwa kwa wote, geti limeshushwa. Kulipita geti hilo bila kibali kunaweza kukugharimu faini ya hadi dola 750, au hadi siku 30 jela, au vyote viwili.

Aina ya pili ni ya upepo. Njia imefungwa kwa magari mepesi yenye kimo kirefu. Trela la futi 53 likiwa tupu, au limebeba vitu vyepesi, ubavu wake unashika upepo kama tanga, na pale Arlington na Elk Mountain upepo wa kuliangusha hauhitaji theluji hata punje. Jua linawaka, lami ni kavu, ramani ya simu ni kijani kitupu, na trela liko chali kando ya njia. Mwenzako mwenye tani 20 za unga anapita kihalali. Wewe uliyeshusha mzigo Cheyenne unatakiwa usubiri. Dereva asiyesoma mstari huo akiona malori mengine yanapita, hujiona anaonewa.

Aina ya tatu ndiyo inayozua maneno mengi redioni. Uko Cheyenne, anga safi, upepo umetulia, na geti limeshushwa mbele yako. Sababu iko mbali. I-80 imefungwa Rawlins kwa dhoruba, malori yakajaa Rawlins. Rawlins ilipojaa, wakafunga Laramie. Laramie nayo ilipojaa, wakafunga Cheyenne. Wyoming hairuhusu magari yaingie kwenye kipande ambacho mwisho wake hakuna pa kulala, maana mtu akikwama katikati kwenye baridi ile, kumfikia ni kazi. Kwenye 511 utaona imeandikwa kwamba kufungwa huko ni kwa mfululizo wa aina hiyo. Ukiisoma Nebraska, ukiwa Sidney au Ogallala penye nafasi, unaegesha huko na kulala. Usipoisoma, unakwenda kugombea mahali Cheyenne na mamia ya wenzako.

Colorado nayo ina la kusema mapema. Kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, lori la biashara linalopita I-70 kati ya maili 133, Dotsero, na maili 259, Morrison, linatakiwa liwe na minyororo ya matairi ndani, hata kama jua linachoma. Amri ya kuifunga kwenye matairi hutolewa siku ya theluji na kutangazwa na huduma ya jimbo, lakini ile ya kuibeba haisubiri tangazo. Wageni wengi kutoka Texas hukamatwa nayo Septemba.

Upande wa Iowa kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote. Magari ya kusukuma theluji ya jimbo hilo yanaonekana kwenye ramani ya 511 yakiwa kazini, na mengi yana kamera mbele. Unabonyeza alama ya gari na kupata picha kutoka pale dereva wake alipo: mstari wa njano unaonekana au hauonekani, theluji imelala au inavuka kwa upepo, taa za gari la mbele ziko umbali gani. Picha moja ya namna hiyo inakupa zaidi ya aya tatu za maelezo. Angalia saa iliyopigwa juu ya picha kabla hujaiamini. Wakati wa dhoruba dakika 40 ni zama. Jimbo hilo pia hupanga lami kwa ngazi: imefunikwa kidogo, imefunikwa yote, na juu yake “Travel Not Advised”. Hiyo ya mwisho haijafunga njia. Inakuambia kwamba ukitoka ukaangukia mtaroni, huenda gari la kukuvuta lisije mpaka hali itulie. Kwa mtu mwenye watoto garini, mimi ningeihesabu kuwa imefungwa.

Huduma hiyo na saa zako za kazi

Kuna sababu nyingine ya dereva wa biashara kufungua 511 kabla ya kuondoka, nayo imo kwenye sheria. Dereva wa mizigo ana saa 11 za kuendesha, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Hali mbaya ya njia ikimkuta, sheria inamruhusu kuongeza hadi saa 2, na tangu Septemba 2020 nyongeza hiyo inahusu hizo 11 na hizo 14 pia. Wengi wanajua sehemu hiyo na kuishia hapo.

Sharti lake ni kwamba hali hiyo iwe haikujulikana, wala isingeweza kujulikana kwa uangalifu wa kawaida, kabla dereva hajaanza siku yake ya kazi au kabla hajarudi barabarani baada ya mapumziko yanayotambuliwa. Ofisi iliyompangia safari nayo iwe haikujua ilipomtuma. Sasa tazama: kama 511 ya Nebraska ilikuwa imetangaza tufani ya theluji tangu alfajiri, na wewe ukaondoka saa tatu, utamwambia nini mkaguzi? Hukujua, lakini ungeweza kujua, bure, kwa dakika mbili.

Upande wa pili sheria hiyo inakulinda. Uliondoka njia ikiwa safi, saa nane mchana tangi likapinduka mbele yako, ukasimama. Hapo nyongeza ni haki yako. Piga picha ya skrini ya 511 wakati wa kuondoka na nyingine wakati wa tukio, zote zionyeshe saa, kisha uandike sababu kwenye maelezo ya daftari lako la kielektroniki. Foleni ya kila jioni ya Chicago haihesabiwi. Hiyo kila mtu anaijua.

Simu yenyewe uiguse ukiwa umesimama. Tangu Januari 2012 kanuni ya shirikisho inamkataza dereva wa gari la biashara kushika simu mkononi akiendesha. Baadhi ya programu za 511 zina hali ya dereva inayosoma matangazo kwa sauti bila kuguswa. Tovuti nyingi zinakuwezesha kujiandikisha, ukaweka njia yako na saa zako, ukatumiwa ujumbe au barua pepe likitokea jambo. Kwa mtu anayepita njia moja kila siku, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Ukipiga kwa sauti na mashine ikashindwa kushika matamshi yako, mifumo mingi hukubali kubonyezwa vitufe. Ukiwa Georgia, 511 inafanya zaidi ya kusoma habari: ukiharibikiwa na gari kwenye barabara kuu unaweza kuomba msaada kupitia namba hiyo, na gari la huduma likatumwa.

Kwa wasio na gari

Huko San Francisco na miji inayoizunguka, 511 huendeshwa na tume ya uchukuzi ya eneo hilo na inahusu mabasi na treni sawasawa na magari: BART, Muni, Caltrain, AC Transit na mashirika mengine mengi mahali pamoja. Kituo cha basi kina namba. Ukiiingiza unaambiwa basi lijalo liko dakika ngapi.

Dakika hizo zinatokana na kifaa kilichomo ndani ya basi, kinachotuma mahali lilipo. Kikiacha kutuma, mifumo mingi hurudi kimyakimya kwenye ratiba iliyochapwa. Ndiyo maana unaona dakika 6, 4, 2, halafu basi linatoweka bila kufika: ulikuwa unaonyeshwa ratiba, basi lenyewe halikutoka kituoni. Mara nyingi kuna alama ndogo ya kutenganisha makadirio ya kweli na ratiba. Itafute, hasa kwa basi la mwisho la usiku.

Mfumo wa mafaili unaobeba ratiba hizi ulianzia Portland, Oregon, mwaka 2005, kwa ushirikiano wa shirika la mabasi la TriMet na Google. Mfumo huohuo ulitumiwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani kuchora njia za matatu, wakizifuata kwa simu mkononi kwa kuwa hakukuwa na ratiba ya kunakili. Ramani ilitoka 2014. Anayetoka Kayole kwenda mjini akiuliza ramani yake, na anayesubiri basi Oakland, maswali yao yanajibiwa kwa mafaili ya muundo mmoja.

Majina ya kuweka kwenye simu

Si kila jimbo linaita huduma yake 511. Texas wana DriveTexas. Ohio ni OHGO, Michigan ni Mi Drive, North Carolina ni DriveNC, Colorado ni COtrip, na California wana QuickMap inayoonyesha pia ngazi za masharti ya minyororo ya matairi milimani, kutoka R1 hadi R3. Iowa, Kansas, Kentucky, Indiana, Michigan, Minnesota, Ohio na Wisconsin waliungana kutangaza nafasi za kuegesha malori kuanzia Januari 2019, na namba hizo huonekana kwenye ramani zao na kwenye vibao vya barabarani. Tafuta tovuti yenye jina la idara ya jimbo, kwa kawaida limeandikwa chini kabisa ya ukurasa. Ikikuomba namba ya kadi ya benki ili kukuonyesha hali ya njia, ifunge, hiyo si ya serikali. Kisha hifadhi anwani ya kila jimbo unalopita, kwa mpangilio wa safari yako, ukiwa nyumbani penye mtandao mzuri, kwa kuwa kati ya Laramie na Rawlins kuna mahali simu haishiki.